Namna ya kupendekeza hadithi za mashabiki kutoka mabadilishano ya zawadi ya mwisho wa mwaka

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii haifanyi kazi kwa hadithi za mashabiki, yaani visa ambavyo wapenzi wa kitabu au filamu huviandika kuhusu wahusika wake, zinapoandikwa kama zawadi za Desemba, kwa sababu huko chema kimefungwa mdomo. Hadithi imeandikwa kwa ajili ya mtu mmoja, aliyeomba kisa kuhusu filamu ambayo watu wengi hawaikumbuki. Inatoka siku moja na hadithi nyingine zaidi ya elfu moja. Jina la mwandishi limefichwa, kwa hiyo hawezi hata kusimama na kusema "jamani, someni hii, ni yangu". Wala hakuna kundi kubwa la mashabiki litakaloipigia debe. Asipotokea msomaji wa kuishika mkono na kuipeleka kwa wengine, itasomwa na aliyezawadiwa pamoja na wachache waliopita hapo kwa bahati.

Kwa hiyo anayependekeza ana kazi ya kweli, na kazi hiyo ina namna yake ya kufanywa vizuri. Mwongozo huu ni kwa yeyote anayetaka kuandaa orodha ya hadithi alizozipenda, iwe ya hadithi tatu au thelathini. Mfano wangu mkuu ni Yuletide, mabadilishano ya Desemba ambamo washiriki huandikiana hadithi kama zawadi, lakini hatua nyingi zinafaa kwa mabadilishano yoyote yanayofanana nayo.

Hatua ya 1: Jua kalenda na kanuni kabla hujaandika neno

Yuletide ilianza mwaka 2003 na hufanyika kila mwaka. Inahusu vyanzo vidogo peke yake: vitabu, filamu, vipindi vya televisheni, michezo ya kompyuta, hata ngano za kale, ilimradi mashabiki hawajaviandikia hadithi nyingi. Washiriki kwanza hutaja vyanzo wanavyotaka viingizwe. Kisha hujisajili, kila mmoja akieleza angependa kuandikiwa nini na yeye mwenyewe anaweza kuandika nini. Baada ya hapo kila mtu hupangiwa mwenzake wa kumwandikia, bila yule mwenzake kujua. Hadithi isipungue maneno 1,000. Anayeona hatamaliza hujitoa, na waandishi wa dharura huziba pengo ili asibaki mtu mikono mitupu. Mbali na zawadi hizo rasmi, yeyote anaweza kumwandikia mtu zawadi ya nyongeza kwa hiari yake, na baadhi ya hadithi bora kabisa hupatikana kwenye hizo za nyongeza, kwa sababu mwandishi ameziandika bila kushikiwa fimbo na mtu.

Hadithi hufunguliwa tarehe 25 Desemba zikiwa hazina majina ya waandishi. Majina hutoka tarehe 1 Januari. Hiyo wiki moja katikati ndiyo inayokuhusu zaidi wewe mpendekezaji, na nitairudia.

Tangu 2009 Yuletide inaendeshwa ndani ya Archive of Our Own, ambayo wengi tunaiita AO3. Ni hifadhi isiyo ya kibiashara, isiyo na matangazo, inayosimamiwa na watu wa kujitolea chini ya Organization for Transformative Works, shirika lililoundwa mwaka 2007. Kila mwaka una mkusanyo wake, na pembeni yake kuna mkusanyo mwingine uitwao Yuletide Madness, hasa kwa hadithi fupi zisizofika maneno 1,000. Usiusahau huo wa pembeni. Watu wengi hawafiki huko, na hadithi ya maneno mia nne ikiwa imekaa sawasawa ni rahisi mno kumshawishi mtu aisome.

Mabadilishano mengine yana majira yake. Trick or Treat huja Oktoba, Chocolate Box huja Februari, Purimgifts hufuata sikukuu ya Kiyahudi ya Purim, na Festivids ni ya video za mashabiki, si ya maandishi. Tarehe za kufunguliwa na muda wa kuficha majina hutofautiana, basi soma ukurasa wa kanuni wa mabadilishano unayoyafuata. Mpendekezaji asiyejua majina yatatoka lini anaweza kumharibia mwandishi siri yake bila kukusudia.

Hatua ya 2: Shukuru kwanza

Kama na wewe ulishiriki, isome zawadi yako kabla ya zote, kisha mwachie mwandishi maoni. Usingoje majina yatoke. AO3 humruhusu mwandishi kukujibu akiwa bado amefichwa, jibu lake likionekana kama la mtu asiyejulikana. Maoni yenyewe si lazima yawe marefu, ila yataje jambo moja mahususi lililokufurahisha.

Fanya vivyo hivyo kwa kila hadithi unayokusudia kuipendekeza. Kudos, ile alama ya moyo, unaweza kuitoa mara moja tu kwa hadithi moja, na haichukui hata sekunde. Maoni yana uzito zaidi. Si vizuri mwandishi asikie sifa za kazi yake kwa watu wa mbali huku kwenye ukurasa wake mwenyewe kuko kimya.

Hatua ya 3: Soma kwa mpango

Ukianza juu kwenda chini utachoka kabla hujafika herufi ya tatu. Fungua orodha ya vyanzo ndani ya mkusanyo, uigawe kichwani mwako mafungu matatu: vyanzo unavyovijua vizuri, vyanzo ulivyovisikia au kuviona nusunusu, na vyanzo usivyovijua kabisa. Soma kutoka kila fungu.

La kwanza ndilo litakalokupa haki ya kusema "huyu mhusika anaongea vile vile anavyoongea kwenye chanzo". La tatu ndilo muhimu kuliko yote, na ndilo watu wanalolikwepa. Unaposoma hadithi ya chanzo usichokijua, unakuwa umesimama pale pale atakaposimama msomaji wa orodha yako. Unajua ni wapi ulipotea, ni jina gani ulilazimika kulitafuta, na ni wakati gani uliacha kujali kwamba huujui ulimwengu ule kwa sababu hadithi ilikuwa imeshakubeba. Taarifa hizo hazina mwingine wa kuzitoa. Shabiki mkongwe wa chanzo hicho hawezi, kwa sababu yeye hakupotea.

Jihadhari na kupanga hadithi kwa wingi wa kudos. AO3 inakuruhusu, na inavutia, lakini idadi ile hupima kwanza ni watu wangapi wanakijua chanzo, ndipo ipime ubora. Kitabu kilichosomwa sana mwaka huo kitakaa juu; tamthilia ya karne zilizopita itakaa chini hata kama hadithi yake ni johari. Ukitaka kukusanya vilivyofichika, panga kwa namna nyingine: kwa urefu, kwa tarehe, au geuza orodha uanzie mwishoni. Vichujio vya hifadhi hukuwezesha kuchagua pia kwa lugha, daraja la umri na wahusika. Kiswahili kimo kwenye orodha ya lugha zake, na ukipata hadithi iliyoandikwa kwa lugha yoyote isiyo Kiingereza, itaje lugha hiyo mwanzoni kabisa mwa pendekezo lako, maana wapo watakaoikimbilia kwa sababu hiyo tu.

Kwa wanaosoma safarini au mahali penye mtandao wa kusuasua, kila hadithi inaweza kupakuliwa kama EPUB, PDF na miundo mingine michache. Pakua kadhaa jioni, usome kwa utulivu.

Hatua ya 4: Weka kumbukumbu papo hapo

Hadithi kumi zikishapita, zinaanza kuchanganyika. Utakumbuka kwamba moja ilikuwa na barua, nyingine ilikuwa na dada wawili, na hutajua ipi ni ipi. Kila umalizapo hadithi iliyokugusa, kabla hujafungua nyingine, andika mambo matatu: ni sentensi au tukio gani lililokufanya usimame, kitu gani ulihitaji kukijua ili uelewe, na ni mtu wa aina gani angeipenda. Maneno machache yanatosha. "Tukio la sahani. Nilihitaji kujua kwamba ndugu hawa hawajaonana miaka mingi. Kwa wapenda hadithi za familia zisizoisha kwa kukumbatiana."

Alamisho (bookmarks) za AO3 zinafaa sana kwa kazi hii. Ndani ya alamisho kuna sehemu ya kuandika maelezo yako, kuna kisanduku cha kuifanya iwe ya faragha, na kuna kingine kilichoandikwa Rec cha kuitambulisha kama pendekezo. Zingatia jambo moja: usipoifanya ya faragha, alamisho huonekana na kila mtu, pamoja na mwandishi mwenyewe. Maelezo kama "imeanza vizuri ikaharibika katikati" yaweke kwenye faragha au kwenye daftari lako. Mwandishi ametoa zawadi bila malipo. Hakuomba uhakiki wa namna hiyo, na hapaswi kuukuta akiwa anatafuta kama kuna mtu aliyeipenda kazi yake.

Hatua ya 5: Chagua, na uwe mkali kidogo

Orodha ya hadithi sabini zenye maelezo ya mstari mmoja mmoja haimsaidii mtu. Anarudishwa kwenye msitu ule ule aliotaka umtoe. Heri hadithi nane zilizoelezwa kisawasawa. Ukiwa nazo nyingi kweli, zigawe: leo za kuchekesha, kesho za kutisha, keshokutwa za vyanzo vya kale.

Ninapochagua najiuliza swali moja: je, ningeweza kumweleza mtu kwa sentensi mbili kwa nini hii na si ile iliyo karibu nayo? Nikishindwa, mara nyingi nimeipenda kwa sababu nakipenda chanzo chake, na hilo si kosa, ila ni pendekezo la mashabiki wa chanzo hicho tu, na inabidi niseme hivyo waziwazi.

Angalia orodha yako imeegemea wapi. Kama zote ni ndefu, ongeza fupi. Kama zote ni za mapenzi, kumbuka kwamba mabadilishano haya yana hadithi za urafiki, za uzee, za majangwa na meli na mauaji ya vijijini, na nyingine hazina binadamu hata mmoja.

Zawadi uliyopewa wewe unaweza kuipendekeza, bora uidokeze: "Hii niliandikiwa mimi." Wasomaji watajua kwamba upendo wako una sababu ya ziada. Hadithi uliyoiandika wewe mwenyewe usiiweke. Wakati majina yamefichwa ni udanganyifu, maana unajisifu ukiwa umejifunika. Majina yakishatoka, itangaze mahali pengine kama yako.

Hatua ya 6: Tanguliza taarifa

Kabla ya sifa zozote, msomaji anahitaji kujua anaingia wapi. Weka kwa mpangilio ule ule kwa kila hadithi: jina la hadithi na kiungo chake, chanzo, wahusika wakuu au uhusiano unaosimuliwa, idadi ya maneno, daraja la umri, maonyo. Kisha ongeza kipengele ambacho hifadhi haikuwekei, nacho ni kama inasomeka bila kukijua chanzo.

Kwenye maonyo usikimbilie. AO3 ina maonyo machache yaliyopangwa, kama vile ukatili mkubwa, ubakaji na kifo cha mhusika mkuu, na mwandishi anaweza pia kuchagua kutotumia maonyo hayo kabisa. Kuchagua kutoyatumia si sawa na kusema hakuna la kuonya. La kwanza maana yake ni kwamba lolote linaweza kuwemo na mwandishi hataki kulisema mapema. La pili maana yake ni kwamba hayo hayamo. Wapendekezaji wengi huyachanganya, na msomaji mwenye sababu zake za kukwepa jambo fulani ndiye anayeumia. Ukiwa umeisoma hadithi ya aina ya kwanza, unaweza kumsaidia: andika mwishoni mwa pendekezo, chini ya mstari unaosema kuna ufichuzi, kilichomo.

Kuhusu kiungo, tumia kile kinachokwenda kwenye hadithi yenyewe, si kwenye sura ya tatu uliyokuwa umeifungua. Hadithi nyingine zimefungwa zionekane na wenye akaunti peke yao. Litaje hilo, ili mtu asidhani kiungo kimeharibika. Na usibandike hadithi nzima popote pale, wala usisambaze faili ulilolipakua. Msomaji aende kwa mwandishi.

Kuhusu kusomeka bila chanzo, usitosheke na ndiyo au hapana. Jibu zuri linampa msomaji kile kidogo anachohitaji. "Inasomeka ukijua tu kwamba hawa wawili walikuwa maadui kwenye kitabu." "Tazama kipindi cha kwanza, dakika arobaini, halafu uisome." "Hapana, hii inategemea mwisho wa mchezo, na ukiisoma kabla itakuharibia mchezo wenyewe." Jibu la mwisho lina thamani sawa na yale mawili ya kwanza.

Hatua ya 7: Andika sababu

Hapa ndipo pendekezo linapofanikiwa au kufa. Nitaonyesha kwa mfano niliouunda mwenyewe. Tuseme kuna mfululizo wa televisheni wa vipindi sita kuhusu bibi mlinzi wa mnara wa taa na kijana msaidizi wake. Mtu ameomba hadithi kuhusu kijana yule, na mwandishi ameiandika yote kama daftari la zamu. Pendekezo ambalo utalikuta mara nyingi ni hili:

"Nzuri sana! Wahusika ni wale wale kabisa, uandishi mtamu, nimelia. Msikose!"

Yote hayo huenda ni kweli, lakini hakuna aliyebaki na kitu. Maneno hayo yanaweza kubandikwa kwenye hadithi yoyote ndani ya mkusanyo. Sasa linganisha na hili:

"Hadithi nzima ni daftari la zamu: tarehe, upepo, mafuta yaliyobaki. Mwanzoni kijana anaandika mstari mmoja kila usiku, kama alivyoagizwa. Bibi anavyozidi kudhoofika, mistari inarefuka, na hakuna mahali kijana anaposema anaogopa. Anaandika tu kwamba leo ngazi amepanda yeye. Waliotazama mfululizo watamtambua mara moja yule mtoto asiyependa kuulizwa maswali. Ambao hamjautazama, inatosha kujua kwamba wanaishi wawili tu kisiwani, na meli ya mahitaji huja mara moja kwa mwezi. Inakwenda polepole. Anayetaka vishindo asianzie hapa."

Tazama limefanya nini. Limetaja umbo la hadithi, daftari, ambalo peke yake litawavuta baadhi ya watu na kuwafukuza wengine. Limeonyesha kitu kimoja kwa karibu, ile ngazi, na msomaji ameshaanza kuhisi kabla hajaambiwa ahisi nini. Limewasemesha walioujua mfululizo na wasioujua, kila upande kwa hitaji lake. Na limekiri kwamba hadithi ni ya polepole. Watu huogopa kukiri kitu cha namna hiyo wakidhani wanamchongea mwandishi. Sioni hivyo. Msomaji anayependa vishindo akiingizwa humo kwa sifa tupu ataondoka baada ya aya tatu, na mapendekezo yako yajayo hatayaamini. Anayependa utulivu, kwa upande mwingine, amepata ishara aliyokuwa akiitafuta.

Ukikwama, chukua neno la sifa uliloliandika na ulidai sababu. Umeandika "mazungumzo matamu". Matamu vipi? Kwa sababu wanakatizana? Kwa sababu kila mmoja anajibu swali ambalo hakuulizwa? Umeandika "inahuzunisha". Ni huzuni ya kupoteza mtu, au ya mtu aliye hai anayekaa chumba cha pili? Endelea kudai mpaka ufike kwenye kitu ambacho hakimo kwenye hadithi nyingine. Hapo simama, uandike hicho, ufute neno la sifa. Mara nyingi utakuta halihitajiki tena.

Unaweza kunukuu sentensi moja au mbili za hadithi yenyewe, na mara nyingine nukuu hufanya kazi kuliko maelezo yako yote. Chagua kutoka theluthi ya kwanza ya hadithi. Sentensi ya mwisho, hata iwe nzuri namna gani, ni ya yule aliyesafiri mpaka huko.

Kuna jambo jingine la mabadilishano peke yake ambalo wapendekezaji hulisahau, nalo ni ombi. Kila hadithi ilizaliwa kutokana na kitu alichokiomba mtu, na mara nyingi ombi lile, au barua ndefu zaidi aliyomwandikia mwandishi wake asiyemjua, linaweza kusomwa hadharani. Linganisha ombi na zawadi. Mtu aliomba "kitu chochote kuhusu yule dereva anayeonekana tukio moja", na mwandishi amempa dereva maisha mazima, nyumba, deni na mke mwenye kelele. Ukilitaja hilo, msomaji anaona ukarimu uliomo ndani ya hadithi, ambao akiisoma bila habari hiyo hauonekani.

Urefu wa maelezo uwe aya moja. Yakizidi, umeanza kuisimulia hadithi badala ya kuipendekeza.

Hatua ya 8: Chunga siri za hadithi

Kwa hadithi za kawaida kila mtu anajua asiseme mwisho. Kwa hadithi za mashabiki kuna siri za aina mbili: za hadithi yenyewe na za chanzo. Ukisema "inatokea baada ya kifo cha kaka mkubwa", umemharibia mtu filamu ambayo pengine angeitafuta kwa sababu yako. Lakini habari hiyo inaweza kuwa lazima. Suluhisho ni kutaja wakati bila kutaja tukio: "inatokea baada ya filamu kuisha, itazame kwanza kama unakusudia kuitazama."

Hatua ya 9: Toa mapema, kisha urudi

Orodha ya kwanza itoe kabla ya tarehe 1 Januari, hata kama ni ya hadithi nne tu. Wiki ile ndiyo watu wako macho, mikusanyo imefunguliwa, na ndiyo wiki ambayo mwandishi hawezi kujisemea. Kila pendekezo linalotoka wakati huo linafanya kazi ambayo baadaye angeweza kuifanya yeye. Kusubiri orodha ikamilike mpaka katikati ya Januari kunaipunguzia nguvu.

Wakati majina yamefichwa usikisie hadharani nani kaandika nini. Kukisia ni mchezo ambao washiriki wengi hufurahia mahali palipotengwa kwa ajili yake. Ndani ya pendekezo humwondolea mwandishi kile alichoahidiwa. Andika tu kwamba mwandishi bado amefichwa.

Majina yakitoka, rudi kwenye orodha yako uyajaze. Liandike jina kama linavyoonekana kwenye hadithi, herufi kwa herufi. Waandishi wengi wana majina kadhaa ya kalamu na wamechagua hilo kwa hadithi hiyo kwa sababu zao. Hata ukijua jina lake jingine, usiliweke. Na jina lake la kuzaliwa ndilo kabisa lisiguswe. Wakati uko hapo, fungua ukurasa wa mwandishi uone ameandika nini kingine. Ukikuta kitu kinachofanana, mstari mmoja wa "kama umeipenda hii, ana nyingine kuhusu chanzo kile kile" ni zawadi kwa wote wawili.

Hatua ya 10: Usiishie mwaka huu

Mikusanyo ya zamani haifungwi. Hadithi zilizoandikwa miaka kumi iliyopita zipo pale pale, majina yake yameshatoka zamani, na nyingi hazijapata msomaji mpya kwa muda mrefu. Kati ya Februari na Agosti, wakati hakuna pilika za Yuletide, chagua mwaka mmoja wa nyuma uufanyie kazi hii yote kuanzia hatua ya tatu. Maoni yanayomfikia mwandishi kuhusu hadithi aliyodhani imesahaulika humshtua kwa furaha, na wapo waliorudi kuandika kwa sababu ya maoni kama hayo.

Kabla ya kutoa orodha ya zamani, bonyeza kila kiungo. Ukikuta mwandishi amejitenga na hadithi yake, jina lake likiwa limeondolewa na nafasi yake kuwekwa orphan_account, ipendekeze bila kutaja alikuwa nani, hata kama unamkumbuka. Ukikuta hadithi imefutwa, iondoe kwenye orodha, na ile nakala iliyobaki kwenye simu yako ibaki kuwa ya kwako peke yako.